Bibo ni la Mpita Njia

Filbert alishuka Nachingwea akiwa amekunja uso kabla hata hajaonewa na mtu. Ndivyo alivyozaliwa. Mama yake, kule Sumbawanga, alizoea kusema kwamba mtoto huyu ukimpa zawadi huuliza kwanza umemdharau nini. Alikuwa na sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba na barua ya kujiunga na chuo cha ualimu. Na katika siku mbili za basi alikuwa amejiapiza kwamba huko kusini anakokwenda hakuna mwenyeji atakayemchezea.

Alichezewa kabla godoro halijashuka.

"Kaka, umetokea wapi?" aliuliza kijana wa bodaboda.

"Sumbawanga."

Kijana alirudi nyuma, akainua uso, akakagua mbingu upande huu na upande ule. "Jamani, anga leo jeupe hivi, kumbe mwenyewe alikuwa kwenye basi! Panda, kaka. Lakini radi yako iache hapa hapa stendi, pikipiki si yangu."

Stendi nzima ilicheka, maana nani hajasikia kwamba watu wa Sumbawanga hutuma radi? Filbert alitaka kupigana, ila hakujua chuo kiko upande gani, akapanda na hasira yake. Jioni, bwenini, alikuta jina limeshatangulia kitandani: Radi. Ukiuliza nani kalitoa, kila mtu anamnyooshea mwenzake.

Wiki za kwanza aliishi hivyo, mkali kama pilipili iliyoanikwa, akikusanya matusi ili siku moja ayalipize yote pamoja. Lakini Nachingwea ilimshinda ujanja. Kila tusi aliloliokota, akiligeuza, alikuta chini yake kuna neno karibu.

Nje ya lango la chuo alikaa Bi Kulthumu, mkaanga chapati. Alasiri moja Filbert alifika njaa imemshika, hela anayo mkononi, na kwenye sinia imebaki chapati moja tu.

"Hiyo ina mwenyewe," alisema Bi Kulthumu.

"Nani?"

"Mgeni."

"Mgeni gani?"

"Hajafika."

"Atafika lini?"

"Sasa mwanangu, ningekuwa najua, si angekuwa mwenyeji?"

Filbert alikaa kwenye benchi kwa kisirani, amsubiri huyo mgeni mpaka amwone sura. Walikuja watu, wakaitazama ile chapati, wakaambiwa ina mwenyewe, wakaondoka bila ubishi kana kwamba jambo hilo lina akili. Jua lilipoanza kuzama Bi Kulthumu alizima jiko, akaifunga chapati kwenye karatasi, akamtupia mapajani.

"Haya, kula. Mgeni wa leo ni wewe."

Hela hakupokea. Filbert aliila kwa hasira, na ilikuwa tamu.

Aliyemtafsiria mambo hayo alikuwa Ausi, jirani yake wa dawati, mtoto wa Mandawa huko Ruangwa. Ausi alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuogopa. Mwalimu akikohoa tu, yeye ameshasimama. Alimpenda Filbert kwa sababu Filbert hakumwogopa mtu, na Filbert alimpenda Ausi kwa sababu lazima kila mtu mkali awe na mmoja wa kumcheka. Mwezi wa kumi ulipoingia na korosho zikaanza kudondoka, Ausi aliomba ruhusa ya mwisho wa wiki, akamchukua rafiki yake kwenda kumwonyesha nyumbani.

Walipanda gari mpaka Ruangwa mjini, wakachukua pikipiki mpaka barabara ilipochoka, wakamalizia kwa miguu ndani ya mikorosho. Vumbi jekundu liliwapanda mpaka magotini. Chini ya miti mabibo yalikuwa yamelala, mekundu na ya manjano, na hewa yote ilinuka utamu ulioanza kuchacha.

Hapo ndipo Filbert alipomwona rafiki yake akiiba.

Ausi aliinama, akaokota bibo jekundu lililonona, akainyonga ile korosho chini yake ikakatika, akalipeleka bibo mdomoni. Maji yakamchuruzika mpaka kiwikoni.

"Hili shamba lenu?" Filbert aliuliza.

"La kwetu bado mbele. Hili la mzee Swalehe."

"Na yuko wapi?"

"Nitajuaje? Kwake."

"Ausi, unaiba!"

Ausi alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akamwonyesha: ile korosho hakuitia mfukoni. Alikwenda kuiweka shinani mwa mti, pamoja na nyingine zilizokwisha kuwekwa hapo na wapita njia waliotangulia, kichuguu kidogo cha kijivu kinachomngojea mwenye shamba.

Filbert alilitazama lile rundo. Kwao alikuwa na kaka, Emmanuel, ambaye utotoni aliokota embe la jirani na kulila. Embe moja, lililodondoka lenyewe. Alipelekwa kwa mtendaji wa kijiji, akasimamishwa mbele ya watu, akaambiwa aseme, "Mimi ni mwizi." Akasema, mtoto wa watu, ili yaishe. Hayakwisha. Tangu siku hiyo kuku akipotea, wanakuja kumtazama Emmanuel. Alipooa, mashemeji walificha masufuria. Mwisho aliuhama mji. Kosa halikuwa embe, Filbert alijua; kosa lilikuwa lile neno alilolisema kwa mdomo wake.

Nyumbani kwa akina Ausi waliwakuta wazazi wamekwenda msibani Chunyu, na bibi peke yake barazani, Bibi Fatma, mwembamba, kanga kichwani, Kiswahili chake kimechanganyika na Kimwera kama wali na choroko, mume akiwa nume na mtu akiwa ntu.

"Karibu, nume wangu," alimwambia Filbert. "Umechelewa. Wengine wameshaniposa."

Filbert akakunja uso kwa mazoea, kisha, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi, akajibu: "Wako wapi hao waliokuposa? Mimi nimekuja na radi."

Bibi alipiga makofi mpaka kanga ikamwanguka. Kuanzia hapo hakutaka kumwachia. Alimchukua kumtembeza shambani kwake, kumtambulisha kwa mikorosho yake, maana kila mti ulikuwa na jina. Mkubwa wa karibu na njia aliitwa Balozi, kwa kuwa aliona kila anayepita. Mwingine, matawi yake yameingia kwa jirani, aliitwa Mke Mwenza. Kulikuwa na Fundi Cherehani, na Mwalimu wa Ngumbaru, na pembeni kabisa mti mmoja wenye majani mazuri ambao haukuwahi kuzaa kitu. Huo aliuita Hajibu Salamu. Kila asubuhi aliusalimia hivyo hivyo.

"Kwa nini usiukate, bibi?"

"Nikate ntu kwa sababu hajanijibu? Nitabaki na nani?"

Bibo moja la manjano lilikuwa limelala miguuni mwao. Filbert, mtoto aliyelelewa, aliuliza kwa adabu: "Bibi, naomba bibo."

Bibi Fatma alisimama. Uso wote ukabadilika. "Umesema nini?"

"Naomba..."

"Ausi! Njoo unsikie mwenzako! Mimi nimekuwa nchoyo? Nani amekwambia mimi nchoyo?"

Ausi alikuja mbio, akacheka, akaona bibi hacheki, akaacha. Bibi alimgeukia Filbert, akamwekea kidole kifuani, na maneno yake aliyasema polepole kama mtu anayefunga mzigo.

"Bibo haliombwi. Bibo ni la mpita njia. Ukiniomba, umesema mimi ni ntu wa kunyima. Korosho ndiyo yangu. Unaokota lililodondoka, nti hutikisi. Unakula, korosho unaiacha shinani. Umenipunguzia kazi ya kuikonyoa. Lakini korosho ukiitia nfukoni, hapo wewe mwizi, hata kama ni nkwe wangu. Umenielewa, nume wangu?"

"Nimeelewa, bibi."

"Haya. Sasa kosa lako ulitengeneze."

Akala. Lilikuwa tamu, kisha likamkwaruza koo, kisha likamwagika kwenye shati lake jeupe, na doa la bibo halijui sabuni. Hakujali. Akala la pili. Alirudi Nachingwea na lile doa kifuani kama mtu aliyevishwa nishani, na bwenini alisimulia habari za Hajibu Salamu kwa sauti hata watoto wa Naipingo, waliozaliwa ndani ya mikorosho, wakakaa kumsikiliza yeye wa kuja.

Sasa chuo nacho kilikuwa na shamba lake la mikorosho, nyuma ya mabweni, na njia ya kwenda uwanja wa mpira ilipita katikati. Mwaka uliotangulia mavuno ya shamba lile yaliibwa kwa magunia. Mwaka huu alikuwa amekuja makamu mpya wa mkuu wa chuo, Mwalimu Agapiti, aliyehamishwa kutoka mkoa usio na mkorosho hata mmoja, na jambo la kwanza alilokabidhiwa ni kuhakikisha wizi ule haurudii. Alikuwa mtu wa kazi. Alizunguka shamba asubuhi, akalizunguka jioni, na kila kivuli alikishuku.

Jioni moja Filbert, Ausi na wenzao wawili, Rashidy na Adinani, walikuwa wakirudi mpirani na kiu. Mabibo yalikuwa yamejaa njiani, mengine yameshaoza, nyuki wanayashughulikia. Waliokota, wakanyonga korosho, wakaziweka shinani, wakala huku wanasimuliana bao.

"Simameni hapo hapo!"

Mwalimu Agapiti alitokea nyuma ya mti kama aliyepandwa hapo. Hakuwagusa. Alipiga goti shinani, akazoa zile korosho zote, akazifunga kwenye leso yake nyeupe.

"Kidhibiti," alisema. "Kesho mstarini."

Asubuhi chuo kizima kilisimama kwa mistari. Wanne waliitwa mbele. Mwalimu Agapiti aliinua leso kila mtu aione.

"Mwaka jana tuliibiwa, tukaona haya kusema. Mwaka huu tutasema. Kila mmoja wa hawa atatamka: Mimi niliiba korosho za chuo, naomba msamaha. Akishasema, yameisha. Mimi si mtu wa kinyongo."

Rashidy akasema. Adinani akasema, haraka, kama anayemeza dawa. Zamu ya Ausi ilipofika, Filbert alimtazama. Huyu ndiye aliyemfundisha. Huyu ndiye aliyezaliwa chini ya Balozi na Mke Mwenza. Ausi alitazama viatu vyake.

"Mimi niliiba korosho za chuo," alisema, kwa sauti nyembamba, "naomba msamaha."

"Filbert."

Filbert alikuwa bado anamtazama Ausi.

"Filbert! Huna mdomo?"

"Ninao, Mwalimu. Lakini hilo neno halimo."

Mistari ilitikisika kwa kicheko kilichozimwa puani. Mwalimu Agapiti alimsogelea. "Ulikula au hukula?"

"Nilikula bibo."

"Bibo la nani?"

"La mpita njia. Nami nilikuwa napita."

"Na hizi?" Leso ikatikiswa mbele ya pua yake.

"Hizo ni za chuo. Ndiyo maana nilikiachia chuo. Mwalimu ndiye uliyezichukua."

Safari hii kicheko hakikuzimika. Mwalimu Agapiti alingoja mpaka kikaisha chenyewe, na alipozungumza alizungumza taratibu, na hilo ndilo lililowaogopesha watu.

"Leo Jumanne. Ijumaa utasimama hapa hapa na kusema kama wenzako walivyosema. Usiposema, utafunga sanduku lako. Kiburi chako kakifundishe huko huko Sumbawanga."

Mchana ule bwenini Ausi alimkuta Filbert amekaa juu ya sanduku lake.

"Radi, sema tu. Ni maneno. Yakitoka mdomoni yanakwenda na upepo."

"Yangekuwa yanakwenda na upepo, kwa nini anayataka?"

"Wewe hujui. Mimi ni wa kwanza kwetu kufika chuo. Baba ameuza ufuta wote..."

"Na mimi kwetu nimeokotwa? Mama yangu hana ndoto ila mimi nishike chaki. Sasa niishike vipi? Nisimame mbele ya watoto, mimi niliyejiita mwizi mbele ya watu wote hawa ambao ndio watakuwa walimu wenzangu? Nina kaka alisema neno hilo, Ausi. Mpaka leo analo."

"Lakini wewe si wa huku! Mambo ya mabibo ni yetu, wewe yanakuhusu nini mpaka ufukuzwe?"

Filbert alisimama. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimekuja. Wewe mwenyeji mwenyewe umejizika. Umesema bibi yako ni mwizi, unajua? Mzee Swalehe mwizi. Kila anayepita njia ya Mandawa mwizi. Mimi wa kuja sikuweza kusema hivyo, wewe uliyenyonyeshwa huko umeweza."

Ausi alitoka. Hawakusemezana tena wiki ile.

Lakini chuo kilisema. Jumatano, kwenye foleni ya ugali, mtu mmoja aligonga sahani kwa kijiko, mwingine akaitikia, na kabla wapishi hawajajua kinachoendelea bwalo zima linaimba:

*Bibo kala hadharani,*
*korosho kaacha chini;*
*mwizi gani duniani*
*huacha mali shinani?*

Mwalimu Agapiti aliupiga marufuku ule wimbo saa ile ile. Kuanzia hapo haukuimbwa, ulipigwa mluzi.

Alhamisi alimwita Filbert ofisini, akamfungia mlango, akampa kiti. Hakuwa mtu mbaya, na Filbert, kwa jinsi alivyotamani awe mbaya, aliona shida kulikubali hilo.

"Kijana, mimi sitaki kukufukuza. Alama zako ni nzuri. Basi wizi tuuache. Ijumaa sema hivi: Naomba radhi kwa kuokota bila kuomba ruhusa. Hilo nalo gumu?"

Filbert alifikiri. Lilikuwa jepesi, kweli. Lingepita kooni bila kukwaruza. Angebaki chuoni, mama asingejua kitu, na Jumatatu wangekuwa wanasoma saikolojia ya mtoto kama kawaida. Aliliweka lile sharti ulimini na kulionja. Kisha akamwona Bibi Fatma amesimama njiani, uso umembadilika.

"Gumu kuliko lile la kwanza, Mwalimu."

"Kwa vipi?"

"La kwanza lingenitukana mimi. Hili linawatukana wenye mikorosho wote. Huku bibo haliombwi. Ukimwomba mtu bibo, umemwita mchoyo. Sasa mimi nikisimama mbele ya watu nikasema kosa langu ni kutoomba, nitakuwa nimesema desturi yao ni kosa. Nami nimeila desturi hiyo, Mwalimu, mpaka shati langu limeshuhudia."

Mwalimu Agapiti aliangalia lile doa. "Sheria ya chuo haijui desturi."

"Basi ijifunze. Si ni chuo?"

"Toka nje," alisema Mwalimu Agapiti.

Ijumaa asubuhi Filbert alifunga sanduku kweli. Alifunga na godoro, akafunga kamba kwa mafundo matatu, ili kama ni kutoka, atoke wima. Lakini mkuu wa chuo, Mwalimu Lusiana, ambaye wote walimwita Mama Mkuu, alikuwa amerudi usiku kutoka kikaoni Lindi, na lile jambo alikuwa amelisikia kwa njia ya mluzi wa mlinzi getini. Aliagiza lisiletwe mstarini, liletwe mezani kwake.

Alikuwa mama mnene, mchovu, miwani imemshuka. Leso ilifunguliwa mbele yake. Korosho zikamtazama.

"Mwalimu Agapiti, eleza."

Alieleza, kwa haki, bila kuongeza chumvi. Aliusema wizi wa mwaka jana. Akasema: leo bibo, kesho gunia.

"Wewe, eleza."

"Mama, sina la kueleza. Nina la kuuliza."

"Uliza."

"Hizo korosho zilizo mezani zimetoka wapi?"

"Shambani," alijibu Mwalimu Agapiti.

"Zilikuwa mfukoni mwangu?"

"Zilikuwa shinani."

"Za mwaka jana zilizoibwa, zilikutwa shinani?"

Mwalimu Agapiti alianza kuzihesabu zile korosho mezani.

"Aliyeiba mwaka jana alibeba korosho na kuyaacha mabibo yakioza. Mimi nimekula kinachooza, nimeacha korosho. Kama sisi wawili mnatupa jina moja, basi yule wa mwaka jana mmemsamehe, maana jina lake limekuwa la kila mtu. Mama, nifukuze. Sanduku limeshafungwa, liko mlangoni. Lakini nitatoka na jina nililokuja nalo."

Mama Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akairudisha. Alichukua korosho moja, akaibingirisha mezani kwa kidole.

"Wizi," alisema, "sijauona hapa. Lakini ukaidi nimeuona. Mwalimu wako amekupa njia nyepesi, umeikataa. Amekupa mlango, umetaka ukuta. Mimi siwezi kuendesha chuo ambacho kila mwanafunzi anajadiliana na makamu wangu mstarini huku watu wanacheka. Utaokota korosho za chuo kila jioni mpaka msimu uishe, na Jumatatu utatangazwa kwa kosa la ukaidi. Unakubali, au unachukua sanduku?"

"Ukaidi ni wangu, Mama," Filbert alisema. "Huo sikuuokota kwa mtu. Nitangazeni."

Mwalimu Agapiti alikunja leso yake tupu. "Na wale watatu?"

"Wao walishakiri wizi."

Filbert, aliyekwisha kufika mlangoni, aligeuka. "Lakini Mama, hao nao hawakuiba! Tulikuwa pamoja, mti mmoja!"

"Nimesikia."

"Basi wafutie."

"Wamejifunga wenyewe, kwa midomo yao, mbele ya watu wote. Mimi nikafungue nini? Mdomo uliofunga ndio utakaofungua." Akavuta faili lingine. "Nenda kafungue godoro."

Filbert alifungua godoro, lakini furaha haikuja ilivyompasa. Alikuwa ameshinda, na ushindi wake ulikuwa umewaacha wenzake watatu upande wa pili wa mto. Jioni ile alimwona Ausi mbali, amekaa peke yake kwenye gogo nyuma ya jiko. Alitaka kwenda. Kiburi kikamshika shati. Akapita.

Jumatatu mistari ilijipanga. Mwalimu Agapiti alisoma tangazo bila kupandisha wala kushusha sauti: Filbert, mwaka wa kwanza, kwa kosa la ukaidi, ataokota korosho mpaka mwisho wa msimu. Filbert alitoka mbele, kidevu juu, doa kifuani, na mistari ikapiga mluzi kwa meno yaliyoumana, haijulikani nani.

"Kuna mwenye swali?" aliuliza Mwalimu Agapiti, kama ilivyo desturi ya mstari, akiwa ameshageuka kuondoka.

Mkono mmoja mrefu ulikuwa juu. Mwenyewe alikuwa ameushika na mkono wa pili usishuke.

"Ausi? Una swali?"

"Sina swali, Mwalimu."

"Sasa unanyoosha mkono wa nini?"

Ausi alitoka mstarini, Rashidy na Adinani wakabaki. Alitembea mpaka mbele, akasimama pale pale aliposimama Jumanne. Alitazama viatu vyake. Kisha, kana kwamba mtu amemshika kidevu, akainua uso.

"Jumanne nilisema hapa kwamba mimi niliiba." Sauti ilianza nyembamba, ikakatika, akaikohoa, akaanza upya. "Nilidanganya. Sikuiba. Mimi ni mtu wa Mandawa, nilikula bibo, korosho nikaiacha shinani kama bibi yangu alivyonifunza. Nilisema mwizi kwa sababu ya woga. Woga nauombea msamaha. Wizi siuombei, maana haukuwepo."

Hata mluzi haukusikika. Mwalimu Agapiti alimtazama Ausi, akamtazama Filbert, akatazama mistari, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie alionekana kama mtu anayehesabu upya kitu alichodhani ameshakijua.

"Unajua huu nao ni ukaidi?" aliuliza.

"Najua, Mwalimu."

"Na adhabu yake umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Ndoo ziko stoo." Akatawanya mstari.

Jioni, stoo, Filbert alitangulia kufika. Aliposikia hatua nyuma yake hakugeuka. Hakumpongeza, hakumkumbatia. Aliichagua ndoo nzima akaishika yeye, na ile iliyokatika mpini akaisukuma kwa mguu mpaka ikamgonga Ausi kwenye ugoko.

"Beba," alimwambia. "Umenichelewesha wiki nzima."